MGONGO HAUNA SPEA: Jinsi Zana Rahisi Zinavyotupunguzia Uzito wa Kazi



Miaka mingi iliyopita, katika ghala la kiwanda kimoja cha chai, wanaume wanne waliamriwa kupakia pipa la dizeli katika lori. Pipa lilikuwa limejaa, lita 200. Wanne hao walilishika huku na huku, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakalinyanyua. Lilipofika usawa wa kifua, mmoja wao aliteleza. Pipa halikumwangukia mtu, lakini mwenzetu aliyejaribu kulizuia alisikia kitu kikikatika kiunoni. Tangu siku ile hakuweza tena kubeba mzigo, na baada ya miezi michache hakuwa tena na kazi.

Wiki iliyofuata pipa jingine kama lile lilipandishwa katika lori lilelile na watu wawili tu, wala hawakutoka jasho jingi. Aliyewaonyesha njia alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini. Alitumia mbao mbili ndefu na kamba mbili. Mimi mwandishi nilikuwapo siku zote mbili, na jambo linaloniuma mpaka leo ni hili: mbao zile zilikuwa ndani ya ghala siku ile ya kwanza pia.

Kwa sababu hiyo katika toleo hili tutaeleza zana rahisi, yaani zile zisizohitaji umeme wala mafuta: wenzo, gurudumu, kapi, mteremko, kabari na skrubu. Tunazishika kila siku, lakini wengi wetu hatujaelezwa zinafanyaje kazi. Na mtu asiyejua jinsi zana inavyofanya kazi hawezi kuidai kwa mwajiri.

1. KANUNI MOJA YA ZANA ZOTE

Hebu tuanze na gunia la kilo 60. Ukitaka kulipandisha mita 1 moja kwa moja, huna budi kutoa nguvu ya kilo 60 kwa mwendo wa mita 1. Lakini ukipata njia ya kulipandisha polepole kwa mwendo wa mita 3, utatoa nguvu ya kilo 20 tu. Zidisha: 60 mara 1 ni 60, na 20 mara 3 ni 60 vilevile. Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuigawa.

Hii ndiyo kanuni ya zana zote: unachopunguziwa katika nguvu, unakilipa katika mwendo. Zana haifanyi muujiza. Ni kama mtu mwenye deni la shilingi 60: anaweza kulilipa lote siku moja, au kulilipa 20 kwa siku tatu. Deni halikupungua, lakini anayelipa kidogo kidogo halali na njaa.

Kisha kuna mdai wa pili, naye ni msuguano. Kila mahali ambapo kitu kinasugua kitu, sehemu ya nguvu yako inaliwa. Kwa hiyo hesabu tutakazofanya hapa zinaonyesha nguvu ndogo kabisa inayotakiwa. Kazini utatoa zaidi kidogo, au zaidi sana kama ekseli imeshika kutu. Dawa yake ni grisi.

Mambo haya si mapya. Archimedes wa Syracuse, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alieleza kwa hesabu sheria ya wenzo. Baadaye Heron wa Alexandria, katika nchi ya Misri, aliorodhesha zana tano za kuinulia mizigo: wenzo, kapi, kabari, skrubu na gogo la kuzungushia kamba. Fungua mashine yoyote kiwandani leo, utazikuta ndugu hao ndani yake.

2. WENZO: MTAIMBO NA JIWE

Wenzo ni fimbo ngumu inayoegemea mahali pamoja. Mahali hapo panaitwa egemeo. Upande mmoja kuna mzigo, upande wa pili kuna mkono wako.

Chukua mtaimbo wa mita 1 na nusu. Ingiza ncha chini ya jiwe, kisha weka kipande cha gogo kiwe egemeo, sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Upande wako unabaki sentimita 135. Gawanya 135 kwa 15, unapata 9. Maana yake nguvu yako inazidishwa mara 9. Jiwe linalohitaji nguvu ya kilo 270 litanyanyuka kwa kilo 30. Lakini kumbuka deni: ili jiwe lipande sentimita 5, mkono wako utashuka sentimita 45.

Sasa sogeza egemeo mpaka sentimita 50 kutoka kwenye ncha. Upande wako umebaki sentimita 100, na nguvu inazidishwa mara 2 tu. Mtaimbo ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini mzigo umekuwa mzito. Basi unapomwona mwenzako anahangaika na mtaimbo, usikimbilie kumsaidia kusukuma. Kwanza tazama egemeo liko wapi.

3. MGONGO NAO NI WENZO, TENA MBAYA

Hapa ndugu msomaji usome polepole, maana jambo hili ndilo linalotupeleka hospitali.

Unapoinama kuokota gunia, mwili wako nao unakuwa wenzo. Egemeo ni mifupa ya kiuno. Mzigo uko mikononi. Nguvu inayoushikilia inatoka kwenye misuli ya mgongo, nayo iko karibu sana na mifupa ile, kiasi cha sentimita 5 tu. Kama mzigo uko sentimita 40 mbele ya kiuno, misuli iko upande mfupi wa wenzo, na mzigo uko upande mrefu. Hesabu imegeuka kinyume chetu: 40 gawanya kwa 5 ni 8. Mzigo wa kilo 25 unailazimisha misuli kuvuta kwa nguvu ya kilo 200, na nguvu hiyo yote inaibana mifupa ya kiuno. Hapo hatujahesabu uzito wa kichwa na kifua chako mwenyewe.

Sasa uvute mzigo uleule karibu na tumbo, uwe sentimita 20 tu. 20 gawanya kwa 5 ni 4. Misuli inavuta kilo 100 badala ya 200. Mzigo haukupungua hata gramu moja, lakini kiuno kimepumzishwa nusu nzima.

Ndiyo sababu tunaambiwa: piga magoti, kumbatia mzigo, inuka kwa miguu, na usijipinde kiuno ukiwa umebeba. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Haya si maneno ya kumbembeleza mfanyakazi, ni hesabu. Ekseli ya lori ikivunjika, mwajiri anaagiza spea. Mgongo hauna spea.

4. GURUDUMU NA TOROLI

Toroli la gurudumu moja ni wenzo na gurudumu pamoja. Egemeo ni ekseli ya gurudumu, mzigo uko katikati, na mikono iko nyuma.

Tuseme umepakia kilo 90, na vishikio viko sentimita 150 kutoka kwenye ekseli. Kama mzigo umekaa sentimita 50 kutoka kwenye ekseli, utainua kilo 30 tu; gurudumu linabeba 60. Lakini ukiurundika nyuma, sentimita 75 kutoka kwenye ekseli, utainua kilo 45. Kwa hiyo vitu vizito viwekwe mbele, karibu na gurudumu. Kujua jambo hilo peke yake kunakuokolea kilo 15 katika kila safari.

Gurudumu lenyewe linafanya kazi ya pili: linapunguza msuguano. Kuburuta gunia sakafuni ni kusuguana na sakafu yote. Gurudumu halisugui, linabingirika, na msuguano unabaki kwenye ekseli tu, mahali padogo ambapo unaweza kutia grisi. Tena gurudumu kubwa linapita mashimo kwa urahisi kuliko dogo.

Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini nchini Kongo wametufundisha somo hili kwa vitendo. Tangu miaka ya 1970, wakazi wa Goma na vijiji vya jirani wamekuwa wakichonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho magurudumu yake huvikwa mpira wa matairi makuukuu. Kwa chukudu mtu mmoja anateremsha kutoka milimani makaa, viazi au kabichi za mamia ya kilo, mzigo ambao watu kadhaa wasingeweza kuubeba kichwani. Chombo hicho hakikutoka kiwanda cha ng'ambo. Kimetoka kwenye panga, patasi na akili ya fundi.

Ndugu wa gurudumu ni gogo la kisimani lenye mkono wa kuzungushia. Kama mkono una urefu wa sentimita 40, na kutoka katikati ya gogo hadi ukingoni ni sentimita 10, nguvu inazidishwa mara 4. Ndoo ya kilo 20 inapanda kwa kilo 5.

5. MTEREMKO: SIRI YA YULE MZEE

Sasa turudi kwenye pipa letu. Pipa la lita 200 lililojaa dizeli lina uzito wa karibu kilo 185 pamoja na chuma chake. Sakafu ya lori ilikuwa mita 1.2 kutoka ardhini. Watu wanne walipolinyanyua wima, kila mmoja alibeba kilo 46 na zaidi, mikono ikiwa mbele ya mwili, mbali na kiuno. Mmeshaona katika sehemu ya tatu maana ya jambo hilo.

Mzee alifanya mambo mawili.

Kwanza, aliegemeza mbao mbili za mita 4.8 kwenye lori, akazifunga zisiteleze, na pipa likalazwa ubavu ili libingirike. Mita 4.8 ni mara 4 ya mita 1.2. Kwa hiyo nguvu iliyotakiwa ilikuwa robo ya uzito, yaani karibu kilo 46 kwa watu wote.

Pili, hakuwaweka watu chini ya pipa walisukume. Alifunga ncha moja ya kila kamba kwenye lori, akapitisha kamba chini ya pipa, akaizungusha na kuirudisha juu kwa watu wawili waliosimama ndani ya lori. Walipovuta, pipa lilibingirika kupanda ndani ya kamba hizo. Hapo pipa lenyewe limekuwa kama kapi inayosogea: kila pipa likipanda mita 1, kamba inavutwa mita 2, na nguvu inapungua nusu tena. Kilo 46 zikawa 23, na kwa watu wawili, kila mmoja alivuta kilo 12 hivi.

Jaribu hesabu: 185 mara 1.2 ni 222. Na nguvu ya 23 mara mita 9.6 za kamba ni karibu 221. Deni limelipwa lote, lakini hakuna aliyeumia.

Onyo: mtu yeyote asisimame chini ya pipa linapopanda au kushuka. Kamba ikikatika, pipa halimchagui mtu. Na mwenzenu mmoja awe pembeni na kabari mkononi, tayari kuisukumia kwa mti mrefu nyuma ya pipa mkitaka kupumzika.

6. KAPI

Kapi iliyofungwa juu ya boriti haikupunguzii nguvu hata kidogo. Mzigo wa kilo 100 utauvuta kwa kilo 100. Faida yake ni kwamba unavuta kwenda chini, ukitumia uzito wa mwili wako badala ya kiuno.

Kapi inayosogea pamoja na mzigo ndiyo inayopunguza. Mzigo unaning'inia kwenye kamba mbili, kila moja inabeba nusu, nawe unashika moja tu. Mzigo ukishikwa na kamba nne, unavuta robo. Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: hesabu kamba zinazoshikilia mzigo, kisha gawanya. Na kama kamba ni nne, utavuta mita 4 ili mzigo upande mita 1.

Lakini kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kwa kapi ile moja ya juu, boriti haibebi kilo 100. Inabeba 100 za mzigo na 100 za wewe unayevuta, jumla 200. Boriti nyingi zimevunjika na kuua watu kwa sababu mtu alihesabu mzigo peke yake. Kabla ya kuvuta, tazama boriti, kisha kulabu, kisha kamba.

7. KABARI NA SKRUBU

Kabari ni mteremko unaosukumwa. Shoka, patasi na panga ni kabari zote. Kabari nyembamba inapasua kwa nguvu kubwa lakini polepole. Kabari nene inapasua haraka lakini inahitaji nyundo nzito. Panga butu ni kabari iliyoharibika: mkata miwa anayenyimwa tupa ya kunolea anaongezewa kazi bila malipo.

Skrubu nayo ni mteremko uliozungushwa kwenye mti. Kata karatasi iwe pembetatu, izungushe kwenye kalamu, utaiona. Jeki ya skrubu inayopanda sentimita 1 kwa mzunguko mmoja, yenye mkono wa sentimita 50, inausafirisha mkono wako sentimita 314 kwa kila sentimita 1 ya mzigo. Kwa hesabu tupu ingezidisha nguvu mara 314. Zaidi ya nusu ya nguvu hiyo inaliwa na msuguano, lakini msuguano huohuo ndio unaoizuia jeki isirudi chini ukiuachia mkono. Hata hivyo usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka magogo.

8. MIZANI: WENZO UNAOKULIPA MSHAHARA

Wachuma chai na wachuma kahawa, sehemu hii ni yenu. Mizani ya jukwaa ni wenzo uliounganishwa na wenzo mwingine chini yake. Ndiyo sababu kijiwe kidogo cha kilo 1 mara nyingi kinasimamisha gunia la kilo 100. Lakini kama kijiwe kidogo kinazidishwa mara 100, basi kosa dogo nalo linazidishwa mara 100. Kijiwe kikigandishwa risasi chini yake kikawa kizito kuliko inavyopasa, gunia lako litasomeka jepesi. Matope yakibana chini ya jukwaa, au mizani ikisimama kombo, usomaji si wa kweli.

Mizani ya kuning'inia yenye springi haina wenzo, bali nayo inachoka, na sindano yake inaweza kuanzia mahali pasipo sifuri. Ya betri nayo lazima isome sifuri kabla ya mzigo.

Mnaweza kuijaribu mizani yoyote bila fundi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pimeni jerikeni tupu, andikeni. Tieni lita 20 za maji zilizopimwa sawasawa, pimeni tena. Tofauti lazima iwe kilo 20. Pimeni pia kikapu kitupu, mjue kama kilo zinazokatwa kwa ajili ya kikapu ni za haki. Mizani inayopunguza kilo 1 tu, kwa mchumaji anayepima mara 3 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, imekula kilo 75 za jasho lake. Fanyeni jaribio hilo mbele ya mashahidi na mwakilishi wa chama, halafu lipelekwe kwa wakaguzi wa serikali wa mizani na vipimo. Msigombane na karani peke yenu.

9. NANI ANAPATA FAIDA?

Swali la mwisho si la hesabu. Mwajiri akileta toroli, mara nyingine nyapara anasema: "Jana mlibeba magunia 100, leo mna toroli, bebeni 150." Ndugu, toroli limepunguza uzito, halikupunguza mwendo. Miguu imekwenda zaidi, jua ni lilelile. Kwa hiyo zana mpya inapokuja, kipimo cha kazi kijadiliwe na chama kabla ya kubadilishwa, na pasiwe na mtu anayefukuzwa kwa sababu ya toroli.

Tuna pa kusimamia. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 127 juu ya mizigo inayobebwa na mtu mmoja. Unasema mfanyakazi asilazimishwe kubeba mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Afundishwe njia za kubeba kabla ya kupewa kazi hiyo. Zana zinazofaa zitumike kadiri iwezekanavyo. Na mizigo ya wanawake na vijana iwe midogo sana kuliko ya wanaume wazima. Pendekezo Namba 128 la mwaka huohuo linataja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mzigo wa mwanamume mmoja ukikizidi, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Pendekezo si sheria, lakini ni hoja nzuri mezani. Gunia la kawaida la kahawa inayouzwa nje ni kilo 60.

Basi wawakilishi, kwenye mkutano ujao na mwajiri, msiende na malalamiko matupu ya "kazi ni nzito". Nendeni na orodha: mbao mbili za mita 4.8 na kamba mbili kwa ghala. Toroli moja kwa kila kundi, na grisi ya ekseli. Tupa kwa kila mkata miwa. Kapi yenye boriti iliyokaguliwa. Mizani iliyopigwa muhuri. Kila kimoja kina bei, na kila kimoja ni rahisi kuliko kumtibu mtu aliyevunjika kiuno.

Na kabla ya hapo, kesho asubuhi, ingieni ghalani mtazame. Huenda mbao zimo humo tayari.